Sukuma wiki iliyopigwa na baridi: usiing'oe bado

Sisi wa Kabale, milimani Uganda, tunaijua Julai. Mvua imekatika, usiku anga halina wingu, na baridi inateremka vilimani ikatuama bondeni kama maji. Asubuhi unakuta sukuma imelala, majani yana mabaka meusi kama yamemwagiwa maji moto. Wengi hung'oa siku hiyo hiyo.

Kwanza, usiguse jani lenye sakitu, ule umande ulioganda. Acha jua lipande, sakitu iyeyuke yenyewe.

Pili, kagua moyo, pale juu majani machanga yanapojikunja. Ubonyeze kwa kidole: ukiwa mgumu na wa kijani, mche ni mzima hata kama majani ya chini yanatia huruma. Hayo usiyakate bado, ndiyo blanketi la moyo. Mimi niliwahi kuyakata yote siku ya kwanza. Usiku wa pili sakitu ikarudi, ikakuta moyo uchi.

Tatu, mwagilia asubuhi, shinani. Tuta la mbao, lile lililoinuliwa na kuzungushiwa mbao, hupoa upesi kuliko shamba kwa sababu upepo hulipiga pande zote, na udongo mkavu hautunzi joto. Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, zisiguse shina. Nyingine lundika nje ya mbao.

Jioni funika kwa gunia juu ya vijiti, asubuhi ondoa.

Baada ya siku 5 hadi 7, toa yaliyooza tu. Mbolea ingoje majani mapya mawili matatu. Urea ya mapema huleta majani laini, na hayo ndiyo baridi huanza nayo.

MASWALI

Mwalimu, majani yaliyopona yanalika?
Yanalika, mama, tena ni matamu zaidi. Sukuma ikipata baridi hugeuza wanga kuwa sukari. Yaliyolegea na kunuka peleka kwenye mboji.

Niko Kapchorwa, nina nailoni tu. Itafaa?
Itafaa, mradi isiguse majani; inapogusa ndipo panapoungua. Na usiisahau jua likiwaka, utapika mboga kabla ya sufuria.

Wiki ya pili sasa, moyo mweusi, sioni chipukizi.
Pole, mzee. Kwaruza shina kwa ukucha. Ndani kukiwa kijani, ngoja wiki moja, machipukizi hutokea ubavuni. Kukiwa kahawia, ng'oa upande vitunguu.