Jinsi ya kupasha udongo joto ili boga kubwa lianze mapema

Mtu akija kwangu na habari za maboga makubwa huanza na mbolea. Ataulizia samadi, ataulizia mbegu imetoka wapi, ataulizia kama ni kweli wapo wanaoyanywesha maziwa. Mimi humrudishia swali moja: udongo wako una nyuzi ngapi saa mbili asubuhi? Hapo wengi hukaa kimya, kwa sababu hawajawahi kuupima.

Mbegu nyingi zinazoshindana leo ni za ukoo wa Atlantic Giant, aina ya Cucurbita maxima iliyokuzwa na Howard Dill, mkulima wa Nova Scotia huko Kanada. Ua likishachavushwa, tunda lake hutaka takriban siku 90 hadi 100 za kujaza uzito, na likiwa kwenye kasi yake huweza kuongeza zaidi ya kilo 15 kwa siku moja. Chakula hicho chote hutoka kwenye majani, kwa hiyo siku ya kuchavusha mmea uwe umeshatandaa vya kutosha. Wakulima wa kaskazini ya dunia, ambao mizani yao ya mashindano hufungwa mwishoni mwa Septemba na Oktoba, hutaka kuchavusha mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Ukihesabu kurudi nyuma, mche unatakiwa kuwa shambani mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, na wakati huo udongo wa nchi za baridi mara nyingi haujafika nyuzi 12. Lakini watu wanapita hapo. Rekodi ya dunia ya mwaka 2025, kilo 1,278.8, iliwekwa na mapacha Ian na Stuart Paton wa Uingereza, na Uingereza si nchi ya kusifiwa kwa jua.

Basi shika namba hizi, zote za selsiasi. Mbegu ya boga kubwa huota vizuri kwenye nyuzi 28 hadi 32. Mizizi ya mche hufanya kazi ya maana kuanzia 18, na mimi huwa nalenga 20 hadi 24. Chini ya 15 mche haufi papo hapo, unaduwaa tu. Unauona umelegea mchana ilhali udongo una maji, kwa sababu mizizi iliyopoa haivuti maji kwa kasi ya jani. Majani yanaanza kuwa na rangi ya zambarau kwa chini, maana fosforasi, moja ya vyakula vya mmea, ipo udongoni lakini haipandi. Na udongo wa baridi ulioloa ndio makao ya kuvu wanaoozesha shina pale linapotokea ardhini. Mche ulioduwaa hivyo hupitwa na mwenzake uliopandwa baadaye kwenye udongo wenye joto, kwa hiyo kupanda mapema bila kupasha udongo ni kujichosha bure.

Tafuta kipimajoto chenye mchi wa kuchoma udongoni. Kichome sentimita 10 kwenda chini, asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma, ukiache dakika chache ndipo usome. Ukipima saa tisa mchana utajidanganya: uso wa udongo utakuwa na joto la kupendeza huku sentimita 20 chini kukiwa bado na baridi ya usiku wa juzi. Pima asubuhi kadhaa mfululizo na uamini namba ya chini kabisa.

Anza na maji, si na moto

Hapa ndipo watu wanaponishangaa. Kabla hujanunua nailoni wala waya, ondoa maji ya ziada. Kilo moja ya maji hutaka kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha nishati) ili ipande nyuzi moja. Kilo moja ya udongo mkavu hutaka karibu robo ya hapo au hata chini yake. Tena maji yakigeuka mvuke huondoka na joto jingi: kilo moja ikikauka kutoka juu ya tuta inachukua takriban kilojuli 2,400, joto ambalo lingetosha kupasha zaidi ya kilo 500 za maji kwa nyuzi moja. Udongo unaochuruzika, hata ukiuwekea jua lote la msimu, utakuwa unalipa deni la mvuke tu.

Chimba mfereji pembeni, kisha inua tuta la upana wa mita moja na nusu hadi mbili na kimo cha sentimita 15 hadi 20. Liinamishe kidogo upande wa jua la mchana: kusini kama uko mbali kaskazini ya ikweta, kaskazini kama uko upande wa pili. Ondoa majani makavu na nyasi zilizotandazwa juu tangu msimu uliopita. Ni vitu vizuri wakati wa kiangazi, lakini sasa ni blanketi linalozuia joto lisiingie.

Usikaushe udongo ukawa vumbi, ingawa. Udongo mkavu kabisa umejaa hewa, na hewa haipitishi joto kwenda chini. Juu kutaunguza na chini kutabaki kama kulivyokuwa. Chukua konzi, ikamate, fungua kiganja. Ikishikana kama donge, na donge likasambaratika ukilisukuma kwa kidole gumba, ndio unyevu unaoutaka. Likibaki na alama za vidole vyako na kung'aa, ngoja.

Nailoni: ya uwazi au nyeusi?

Wengi hudhani nyeusi ndiyo yenye joto zaidi kwa kuwa ukiigusa inachoma. Inachoma yenyewe. Jua huishia kwenye nailoni, na sehemu kubwa ya joto hilo hurudi hewani isipokuwa nailoni imelala kabisa juu ya udongo. Ile ya uwazi hupitisha mwanga hadi kwenye udongo wenyewe, halafu matone ya maji yanayojikusanya upande wake wa chini huzuia joto lisitoroke. Kwenye kina cha sentimita 5, nyeusi iliyolazwa vizuri huongeza mchana nyuzi kama 3. Ya uwazi huongeza 4 hadi 8. Mimi hutumia ya uwazi, na wanaonibishia kuhusu magugu wana haki yao, maana chini yake magugu huota kwa furaha. Lakini yaache yaote, yapalilie juu juu bila kufukua udongo wa chini, kisha ifunike tena. Umeshapunguza palizi ya baadaye.

Itandaze wiki mbili hadi tatu kabla ya kupandikiza, siku ya jua, udongo ukiwa na unyevu niliousema. Sawazisha mabonge kwanza. Ivute hadi ikaze, uzike kingo zake zote kwenye mtaro wa sentimita 10. Kona moja ikiachwa wazi, upepo utaingia chini na kutoka na joto lako, na usiku utasikia nailoni ikipiga makofi.

Juu ya hapo jenga kibanda kidogo: mabomba yaliyopindwa, nailoni nyingine juu, nafasi ya kama mita mbili kwa mbili. Ndani yake panga madumu ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, upande usiokinga jua la tuta. Dumu la lita 20 likipoa nyuzi 10 usiku kucha hutoa kilojuli 840, yaani karibu robo ya yuniti ya umeme. Madumu manne ni yuniti nzima, kila usiku wa siku yenye jua, bila bili. Jioni, kabla jua halijazama, tupia blanketi kuukuu au turubai juu ya kibanda. Ukingoja giza liingie umefunika baridi. Asubuhi funua. Mchana, hewa ya ndani ikikaribia nyuzi 35, fungua ncha zote mbili, la sivyo mche utaivia humo ndani huku mizizi yake bado ikilalamikia baridi.

Waya wa umeme

Pale ambapo mawingu hukaa wiki nzima, madumu hayana cha kurudisha, na ndipo waya wa kupashia udongo unapostahili gharama. Nunua uliotengenezwa kwa kazi hiyo, usibuni kwa waya wa nyumbani. Kwa mche mmoja, eneo la mita moja kwa moja lenye jumla ya wati 100 hivi linatosha kuanzia. Ukiwaka saa kumi za usiku unakula yuniti moja, sawa na yale madumu manne.

Fukua sentimita 15 hadi 20, sawazisha, tandaza mchanga kidogo, kisha laza waya kwa mizunguko ya kwenda na kurudi, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari. Usijipishe juu yake wenyewe mahali popote. Penye kupishana hupata joto la kupita kiasi na kuungua. Usiukate kuufupisha, na usiujaribu kwenye umeme ukiwa bado umeviringishwa. Juu yake weka wavu wa chuma au wa plastiki ngumu, ndio utakaogonga jembe kabla jembe halijaugonga waya. Rudishia udongo. Kihisi cha thamostati, kifaa kinachouwasha na kuuzima waya kufuata joto la udongo, kizike kina cha sentimita 10, katikati ya mistari miwili, si juu ya mmoja wao, na ukiweke kwenye nyuzi 22. Umeme wote huo upite kwenye swichi inayojikata yenyewe ukivuja. Hilo halina mjadala: unapiga magoti kwenye udongo uliolowa, mikono mitupu.

Kuna njia ya kale ya kuzika samadi mbichi ya farasi iliyochanganyika na majani makavu, unene wa sentimita 45 hadi 60, na udongo wa sentimita 20 juu. Inafanya kazi. Siku za mwanzo hupita nyuzi 60, kwa hiyo unangoja ishuke chini ya 30 ndipo uweke kitu. Mimi naipenda chini ya vikopo vya miche, siipendi chini ya boga lenyewe: hudidimia kadiri inavyooza, ina chumvi na amonia, tena joto lake huisha kwa ratiba yake yenyewe.

Siku ya kupandikiza

Mche wa boga kubwa hauvumilii kukaa kwenye kikopo. Mzizi wake hufika chini upesi na kuanza kujizungusha. Kwa hiyo udongo wa shambani ndio unaoamua siku ya kusia mbegu. Subiri tuta lishike nyuzi 16 au 17 asubuhi likiwa limefunikwa, ndipo usie ndani ya nyumba; siku 10 hadi 14 baadaye, jani la kwanza la kweli likiwa limefunguka, tuta litakuwa limefika 20. Toboa nailoni kwa mkato wa msalaba, panda bila kuvunja udongo wa kikopo, na umwagilie maji ya lile dumu lililokuwa ndani ya kibanda. Maji ya bomba ya asubuhi yenye nyuzi 8, ukimimina ndoo nzima, yanaondoa kazi ya siku kadhaa. Angalia pia jani la kwanza la kweli limeelekea wapi: kwa kawaida mtambaa mkuu huenda upande wa pili wake, na huko ndiko utakakotaka udongo wenye joto baadaye.

Mtambaa huo ukianza kutoka nje ya kibanda, kila kifundo chake kitatafuta kutoa mizizi. Tangulia mbele yake na kipande kingine cha nailoni ya uwazi, wiki moja au zaidi kabla haujafika, kisha ukiondoe vifundo vikikaribia ili uvifukie kwa udongo. Kwenye tuta la mwanzo, nailoni ya uwazi itoke mara tu udongo wa mchana unapoanza kupita nyuzi 30, kwa sababu mizizi ya juu huchomeka. Waya uzime baada ya wiki nzima ya asubuhi zenye nyuzi 18 au zaidi bila msaada wake. Usijaribu kuufukua sasa, mizizi imeshaukumbatia. Chomoa plagi, funga ncha yake ndani ya mfuko usiopitisha maji, na uchomeke vijiti vinne kwenye kona za eneo ulipo, virefu vya kuonekana juu ya majani, ili mwisho wa msimu anayekuja kulima ajue pa kuinua jembe.