Sanamu ya udongo ikianza kuinama

Asubuhi nilifunua nailoni nikamkuta mvuvi wangu ameinama mbele. Jioni nilimwacha wima, sentimita 70, mkono wa kulia juu tayari kurusha wavu. Nyuma ya vifundo vya miguu palikuwa na ufa unaoingiza ukucha.

Ufa wa hapo usiuzibe kwa udongo. Unaongeza uzito, na kesho utafunguka tena palepale. Kinachoshindwa ni mifupa ya waya iliyo ndani. Mimi miguu niliisokota kwa waya wa kufungia nondo, ambao umetengenezwa ulegee ili fundi aukunje kwa mkono. Kilo 9 za udongo mbichi hauziwezi, tena zikiwa zimeegemea upande mmoja. Ile sanamu ya Askari ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, imeinama hivyohivyo na bunduki yake, lakini yenyewe ni ya shaba.

Kwanza mtegemeze. Weka kipande cha mbao kifuani, juu yake kitambaa chenye maji ili mbao isitoboe udongo. Kisha punguza mzigo. Mkono ulioinuliwa niliukata begani, udongo kwa uzi na waya kwa plaizi, nikauviringisha kwenye kitambaa kibichi na nailoni. Kichwa nilikiacha, sura nilikuwa nimeshaipata.

Sasa mpe mguu wa nje. Nilichukua nondo ya milimita 10, fundi wa kuchomelea akaipachika kwenye bamba lenye matundu manne. Inapanda wima nyuma ya sanamu hadi usawa wa nyonga, halafu inakunjwa kuingia mwilini. Bamba lifunge kwa skrubu kwenye ubao, kama sentimita 12 nyuma ya visigino. Ubao nao uwe mnene. Plaiwudi nyembamba hupinda, na kazi yote inakuwa bure.

Chimba udongo wa kiunoni mpaka uuone waya wa katikati. Mwombe mtu amshike mvuvi mabegani, mnyooshe taratibu, na iwe mara moja tu. Waya unaokunjwa na kukunjuliwa huchoka ukakatikia ndani bila wewe kuuona. Akishasimama, funga nondo na waya pamoja, kaza kwa plaizi, kisha zungushia nyuzi za katani zilizochovywa kwenye jipsamu, yaani plasta ya unga iliyokorogwa kwa maji. Hapo usiwe na haraka. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka jipsamu iingie kati ya vyuma, subiri ipate moto, kisha ipoe. Makombo yote yaokote, yasichanganyike na udongo wako.

Mkono ulirudi na waya mpya wa alumini wa milimita 6, umeingia hadi katikati ya kifua. Ndani ya kifua nilining'iniza misalaba midogo ya mbao kwa waya, udongo ukapata pa kushika.

Unapojaza, udongo mpya uwe na unyevu sawa na wa zamani. Kwaruza, paka uji wa udongo, kandamiza. Ukiweka mbichi juu ya mkavu, mpya utasinyaa peke yake na kubanduka.

Sanamu yenye chuma hivi haiendi tanuruni; inatolewa kalibu ya plasta, ambamo nakala itamiminwa. Tundu la nondo kiunoni utaliziba kwenye nakala, baada ya kumimina.