Somo: Kufungua, kusafisha na kufunga vali za haidroliki kwenye mashine kubwa za kukata nyasi

Vali nyingi (milango inayoongoza mafuta yenye presha) ninazoletewa kwa madai kwamba zimekufa hazijafa. Ama zimenasa uchafu, ama zimetupiwa lawama ilhali mgonjwa ni silinda inayosukumwa na mafuta hayo kuinua deki, na ndiyo maana somo hili linaanza kabla spana haijashikwa.

1. Hakikisha kosa ni la vali. Deki ya visu inayoshuka yenyewe polepole baada ya kuinuliwa inaweza kuwa inavujisha mafuta ndani ya vali au kwenye sili (pete za kuzuia mafuta yasipite) za pistoni ya silinda. Ikiwa mashine ina deki mbili zinazofanana, ondoa presha kama ilivyoelezwa katika hatua ya pili, kisha badilishana mipira (mabomba laini) ya mafuta kati ya sehemu mbili za vali. Kosa likihamia kwenye deki ya pili, vali ndiyo mbovu. Likibaki palepale, acha vali ushughulikie silinda.

2. Ondoa presha. Shusha deki hadi chini kabisa, zima injini, toa ufunguo, kisha sukuma kila wenzo mbele na nyuma mara kadhaa, kwa sababu mafuta yaliyofungiwa ndani hubaki na presha hata injini ikiwa imezimwa. Usitafute uvujaji kwa mkono. Pitisha kipande cha kadibodi. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na kuacha alama isiyouma sana mwanzoni, lakini jeraha hilo ni la kukimbiziwa hospitali saa ileile.

3. Osha nje kwanza. Mabaki ya nyasi na vumbi lililogandana na mafuta ndiyo yatakayoingia ndani ukifungua bila kuosha. Weka alama kwenye kila mpira, piga picha, na ziba kila tundu mara tu unapolifungua.

4. Toa spuli. Huu ni mhimili wa chuma unaoteleza ndani ya mwili wa vali, na nafasi iliyopo kati yake na tundu lake hupimwa kwa mikromita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Ivute kwa unyoofu huku ukiizungusha kidogo. Kila spuli imesagwa ilingane na tundu lake, kwa hiyo spuli mbili zinazofanana kwa macho hazibadilishani nafasi. Pitisha ukucha juu yake: mkwaruzo unaonasa ukucha unamaanisha sehemu hiyo ibadilishwe. Msasa usiuguse, maana ukishapanua nafasi hiyo hakuna namna ya kuirudisha.

5. Safisha na weka sili mpya. Tumia kiyeyushi safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Sili mpya ipakwe mafuta yaleyale ya haidroliki kabla ya kuingizwa, na pete ngumu ya kuitegemeza, kama ipo, ikae upande usiotoka presha.

6. Funga. Kaza bolti kidogokidogo kwa zamu, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Baada ya kila zamu sukuma spuli kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, umeupinda mwili wa vali. Skurubu ya vali ya kupunguza presha iache ilivyo kama huna geji ya kupimia presha.

7. Toa hewa. Weka filta mpya, jaza mafuta, washa injini kwa mwendo wa chini, kisha inua na kushusha deki mara kadhaa kabla ya kuangalia tena kiwango cha mafuta.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, spuli yangu huteleza vizuri asubuhi, lakini mafuta yakipata moto inakwama. Tatizo ni nini?*

Legeza bolti zinazoshikilia vali kwenye fremu, kisha ujaribu tena ikiwa na moto. Ikiachia, vali ilikuwa imefungwa kwenye uso usio sawa, na joto lilimalizia nafasi ndogo iliyobaki.

*Vali zangu ni za umeme. Nitajuaje kama ni koili (waya uliosokotwa unaovuta spuli kwa sumaku ya umeme) au ni vali yenyewe?*

Mwenzako abonyeze swichi huku injini ikiwa imezimwa na umeme umewashwa, nawe ugusishe bisibisi kwenye nati ya koili. Isipovutwa, pima umeme unaofika na ukinzani wa koili. Ikivutwa na vali haitendi kazi, ifungue. Nati hiyo isikazwe kupita kiasi, kwani bomba lililo ndani yake hupinda kwa urahisi.

*Nimemaliza kazi, mafuta yamekuwa meupe kama maziwa. Nimekosea wapi?*

Chota kidogo kwenye chupa ya kioo uyaache usiku kucha. Yakirudi kuwa angavu, ilikuwa hewa, basi kagua mpira unaopeleka mafuta kwenye pampu. Yakibaki meupe ni maji, na mafuta yote yamwagwe.