Sidingi ya Nyumba Minnesota: Ibadilishwe Lini, Iachwe Lini

Mvua ya mawe ikishapiga Brooklyn Park au Burnsville, miji ya hapa Minnesota, hazipiti siku nyingi kabla vijana wenye fulana za kampuni hawajaanza kugonga milango. Wanazunguka nyumba, wanapiga picha, wanakuonyesha ufa kwenye simu, kisha wanatoa hukumu: sidingi, yaani vazi la nje la kuta, imekwisha, bima italipa, weka sahihi hapa. Pengine wanasema kweli. Lakini kuvua na kuvisha nyumba nzima kunaweza kufika makumi ya maelfu ya dola, na mwenye nyumba anayejua kusoma ukuta wake hababaishwi mlangoni.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumekulia kwenye nyumba za tofali na plasta. Ukuta wa huko ukilowa hukauka, na rangi ikibanduka unapaka nyingine. Hapa ukuta ni tabaka juu ya tabaka. Ndani kuna fremu ya mbao. Juu ya fremu zimepigiliwa shiti za plaiwudi au za vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Juu yake karatasi ya kuzuia maji. Na nje kabisa ndipo inakaa sidingi, iwe ya plastiki ya vinili, mbao, chuma au saruji yenye nyuzi. Sidingi haikutengenezwa izibe kila tone. Inafanya kazi kama makuti: hayana gundi, yamepandana tu, na maji yanateremka. Upepo ukiyasukuma yakapenya, ile karatasi ya nyuma inayapokea na kuyashusha yatokee chini. Kwa hiyo umri na rangi ya sidingi havikuambii mengi. Unachotafuta ni maji yaliyoingia nyuma yakakosa pa kutokea.

Yanayotisha bure

Vinili iliyopigwa jua miaka mingi hupauka, na ukipitisha kidole inaacha unga mweupe. Haidhuru kitu. Ukijani wa upande wa kaskazini, usiopata jua, ni uchafu wa juu juu: changanya siki sehemu 3 na maji sehemu 7, sugua kwa brashi laini, suuza. Mashine ya maji ya presha iache gereji. Ukiielekeza juu inasukuma maji nyuma ya vinili, ukajiletea tatizo ambalo hukuwa nalo.

Wengine hushtuka wakigusa kipande cha vinili kikacheza. Kinatakiwa kicheze. Kisukume kushoto na kulia, lazima kisogee kidogo, kwa sababu vinili hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na kati ya Januari na Julai ya Minnesota tofauti si ndogo. Ndiyo maana msumari wake haugongwi ukakaza. Kipande kisichosogea kabisa, kilichojikunja mawimbi mawimbi, ndicho kilichopigiliwa vibaya.

Mawimbi huletwa pia na moto. Vinili huanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 na kitu za Selsiasi, na jiko la nyama choma lililoegeshwa karibu na ukuta linafika huko kabla mbuzi hajaiva. Hata jua linaloakisiwa na madirisha ya kisasa ya jirani linaweza kuupinda ukuta wako. Madhara ya namna hii yanataka kubadilisha vipande vichache, basi.

Na ukiambiwa bili ya hita imepanda kwa sababu ya sidingi, uwe na shaka. Vinili tupu karibu haizuii baridi. Joto la nyumba linalindwa na ile pamba iliyojazwa ndani ya kuta na darini, na jinsi madirisha na milango ilivyozibwa. Hela ya kupunguza bili ianzie darini.

Bisibisi mkononi

Subiri siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kisha zunguka nyumba ukiwa na bisibisi na tochi. Kama ningeruhusiwa kukagua sehemu moja tu, ningekwenda pale paa la chini, la gereji kwa mfano, linapokomea kwenye ukuta. Panatakiwa pawe na kipande cha bati kilichokunjwa kinachoyatupa maji ndani ya gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa. Nyumba nyingi hakipo, au fundi wa paa alikitoa asikirudishe. Basi maji ya paa lote la upande ule yanateremkia nyuma ya sidingi, masika hata masika, huku nje hakuonekani zaidi ya mchirizi wa kahawia. Chini ya mchirizi huo ndipo utakapokuta uozo.

Halafu pembe za chini za madirisha. Halafu pale baraza la mbao la nyuma lilipofungwa ukutani. Halafu chini kabisa, kwenye msingi: kati ya udongo na sidingi panatakiwa nafasi ya inchi 6 hivi, yaani sentimita 15. Hapa sisi tuna kosa letu. Bustani ya sukuma wiki inawekwa ubavuni mwa nyumba, kila mwaka udongo na mbolea vinaongezwa, mwisho ukuta umezikwa. Shusha udongo kwanza kabla hujamwita fundi yeyote.

Sidingi ya mbao ipime kwa ncha ya bisibisi. Mbao nzima inakataa, iliyooza inameza. Ukiona rangi inabanduka mahali pale pale kila baada ya mwaka au miwili, maji yanaisukuma kutoka nyuma na kupaka tena ni kutupa rangi. Kigong'ota anayerudi kwenye ukuta mmoja huenda anafuata wadudu. Sisimizi wakubwa weusi wanaotoka ukutani wakiacha unga kama wa msumeno hupenda kuweka kiota kwenye mbao iliyolowa, kwa hiyo kabla ya kununua sumu tafuta penye maji.

Vinili yenyewe haiozi, hivyo bisibisi haikusaidii. Weka kiganja usukume: ukuta ukibonyea, shiti ya nyuma imekwisha. Njia bora zaidi, na wauzaji hawaitaji sana, ni kuufungua. Vipande vya vinili vimeng'ang'aniana kwa ndoano, na kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi kuna chuma kidogo chenye kulabu, cha dola chache, cha kuvifungulia. Fungua kipande chini ya dirisha unalolitilia shaka, chungulia kwa tochi. Karatasi ikiwa nzima na shiti ina rangi ya mbao, funga ukalale. Shiti ikiwa nyeusi na inamomonyoka mkononi, umeshapata jibu. Fanya hivyo wakati wa joto, kwani kwenye baridi kali vinili hukatika.

Ndani ya nyumba tafuta alama za kahawia kwenye jipsamu chini ya madirisha, na harufu ya ukungu. Ila hapa tusisingizie sidingi. Ukichemsha maharage au githeri saa nzima mwezi wa kwanza bila kuwasha feni ya jikoni, vioo vitatiririka maji na kuvu litaota kwenye fremu. Unyevu unaokuja na mvua unatoka nje. Unaokuja na baridi na sufuria unatoka ndani.

Aina mbili za kuogopa

Nyumba ikiwa ya miaka ya 1980 au 1990, angalia kama sidingi yake ni ya unga au vipande vya mbao vilivyogandamizwa. Kwa mbali inafanana na mbao halisi. Ikinyonya maji kwa ukingo wa chini inavimba, vichwa vya misumari vinazama, kisha inachanuka tabaka tabaka. Malalamiko juu ya bidhaa hizi yaliishia kwenye kesi kubwa za pamoja mahakamani Marekani miaka ya 1990. Ikishavimba hairudi, na kama kuta mbili tatu zimefika hapo mimi singepoteza hela ya rangi. Ibadilishwe.

Ya pili ni plasta ya saruji juu ya fremu ya mbao. Hii inatudanganya sisi kuliko wengine kwa sababu inafanana na ukuta wa nyumbani, ukiugonga unalia kama jiwe. Woodbury, mashariki ya Saint Paul, kulipata sifa mbaya kwa nyumba za namna hii zilizojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980: plasta imesimama imara, nyuma yake shiti zimeoza. Dalili ya nje huwa ni doa jeusi chini ya pembe za dirisha. Ukaguzi wa kawaida wa kununua nyumba hautoboi ukuta, kwa hiyo ukiipenda nyumba ya plasta lipia kipimo cha unyevu peke yake, kwa mtaalamu anayetoboa matundu madogo na kuingiza kipima. Fanya kabla ya kufunga ununuzi.

Nyumba za kabla ya 1978 zinaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, na baadhi zina vigae vya saruji yenye asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake ni hatari. Usikwangue, usikate kwa msumeno, usivunje. Mkandarasi atakayegusa rangi ya nyumba ya umri huo lazima awe na cheti cha EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, mwombe akuonyeshe.

Ukuta mmoja au nyumba nzima?

Uharibifu ukiwa wa ukuta mmoja na chanzo kinajulikana, tengeneza chanzo na ukuta huo. Tatizo ni rangi, maana mitindo ya zamani haitengenezwi tena. Mafundi wazuri huvua vipande vizima nyuma ya gereji wakavipeleka mbele, kisha vile vipya visivyolingana vikakaa nyuma kusikopita mtu.

Kwa mvua ya mawe, vinili hutoboka au kukatika ukingo wa chini, zaidi upande upepo ulikotoka. Chuma na alumini hubonyea, na mabonyeo unayaona jioni ukimulika tochi kwa ubavu. Gata na mapezi ya mashine ya kiyoyozi navyo vitakuwa vimeumia. Picha zikidai kuta zote nne zimepigwa sawasawa na gata haina alama, uliza maswali. Piga simu bima yako mwenyewe kabla ya kusaini kwa yeyote, na uliza kama hati yako ya bima inalipa gharama ya kuweka mpya au thamani iliyobaki baada ya uchakavu, maana hapo ndipo watu hukuta hundi ndogo.

Kile kiasi cha kwanza unachotakiwa kulipa mwenyewe kabla ya bima, sheria ya Minnesota inamkataza mkandarasi kuahidi kukulipia ili apate kazi. Anayekuambia "usijali, tutakimeza sisi" ameshajieleza. Na mkataba uliouziwa mlangoni kwako kwa kawaida unaweza kuuvunja kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi chini ya kanuni ya shirikisho.

Kama unaishi kwenye nyumba za kuungana, soma kwanza karatasi za chama cha wenye nyumba. Mara nyingi ukuta wa nje ni mali na mzigo wa chama. Miji mingi inataka kibali cha sidingi, na kibali huleta mkaguzi, jambo linalokufaa wewe. Ndugu wa kanisani au msikitini mwenye lori na ngazi anaweza kuwa fundi hodari, lakini naye atoe cheti cha bima, kwa sababu kijana wake akianguka dirishani kwako udugu hautalipa hospitali.

Mkataba utaje bei ya kila shiti iliyooza itakayokutwa, la sivyo utaisikia siku ukuta uko wazi na mawingu yanajikusanya. Salio la mwisho lisitoke kabla hujapewa hati iliyosainiwa kwamba muuzaji wa vifaa na mafundi walioajiriwa na mkandarasi wamelipwa, vinginevyo wanaweza kuweka dai juu ya nyumba yako hata kama wewe umeshamaliza deni. Na siku sidingi ya zamani inapovuliwa, omba ruhusa kazini. Piga picha kila ukuta kabla karatasi mpya haijapigwa, na kile kibati cha pembeni mwa paa la gereji kionekane kimewekwa.