Ukishikwa na kushtakiwa Kenya: fuata karatasi mpaka DCI, usiishie kortini

Mdogo wangu alishtakiwa, kesi ikavutana karibu miaka miwili, mwisho hakimu akamwachilia. Tukalia, tukakumbatiana, tukaenda nyumbani. Halafu akapata kazi, akaitishwa good conduct, yaani cheti cha polisi cha tabia njema, cheti kikatoka kinaonyesha bado ana kesi, na ile kazi ikapewa mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kuachiliwa na hakimu ni kitu kimoja na faili ya alama za vidole kule DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, kusafishwa ni kitu kingine kabisa. Ndio maana naandika hii, na nitaanza mwanzo kwa sababu makosa mengi hufanyika siku ya kwanza.

Ukishikwa, uliza kosa ni gani. Katiba, ibara ya 49, inasema uambiwe mara moja na kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kunyamaza na kuongea na wakili. Jina na kitambulisho toa, lakini ile stori yako yote weka kwanza, na usisaini maandishi ambayo hujasoma. Polisi wanafaa kukupeleka kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa wanangoja siku ya korti inayofuata, kwa hivyo ukishikwa Ijumaa jioni jipange mpaka Jumatatu. Watu wa nyumbani wakija stesheni waulize namba ya OB (kitabu cha matukio cha stesheni), hiyo ndio itawasaidia kukufuatilia. Bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi kwamba utafika kortini, hailipiwi. Mkitoa dhamana ya pesa taslimu lazima mpewe risiti, ipigeni picha hapo hapo na muiweke vizuri kwa sababu pesa hiyo ni yenu, inarudi kesi ikiisha, na bila risiti mtazungushwa sana.

Sasa kortini, hapa naomba usome polepole. Kule selo utapata mtu wa kukuambia "kubali tu bana, utapigwa faini uende nyumbani." Umechoka, hujaoga, hujalala, na maneno hayo yanaingia. Lakini ukikubali kosa huwezi tena kukata rufaa kupinga kwamba ulilifanya, utabaki na rufaa ya adhabu peke yake, ukubwa wake au uhalali wake, na jina lako limeshaingia kwa rekodi. Inavyoenda ni hivi: karani anasoma shtaka haraka haraka, unaulizwa ni kweli ama si kweli. Hujaelewa? Sema hujaelewa, mkalimani ni haki yako na ni bure. Hata kama umeropoka "ni kweli", mwendesha mashtaka bado atasoma maelezo ya vile mambo yalitokea na utaulizwa kama hayo maelezo ni ya kweli, na hapo mlango bado uko wazi, ukisema "hapana, mimi sikuchukua hiyo simu" hakimu anafaa kuandika umekataa kosa na kesi isikizwe.

Ukishakataa, omba dhamana, halafu omba chaji shiti na maandishi ya mashahidi wote. Sema kwa sauti ili hakimu aandike umeomba. Ibara ya 50 inakupa haki ya kuona ushahidi mapema, na mtu anayeingia kusikizwa bila kuusoma anapigana gizani. Kama huna pesa ya wakili jaribu National Legal Aid Service ama Kituo cha Sheria. Tarehe za kutajwa na za kusikizwa usikose hata moja, ukikosa unatolewa warranti ya kukamatwa na dhamana inaweza kwenda. Kama ni ugonjwa, tuma mdhamini na karatasi ya hospitali.

Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Kama huna, umeachiliwa. Kama unayo unachagua: utoe ushahidi kwa kiapo uulizwe maswali, uongee bila kiapo, ama unyamaze.

Wengine kesi inaondolewa katikati. Hapo uliza imeondolewa chini ya kifungu gani, hiyo isikupite. Mlalamishi akiondoa chini ya kifungu cha 204 cha Criminal Procedure Code (sheria ya mwenendo wa kesi za jinai) unaachiliwa kabisa. Lakini upande wa mashtaka ukiondoa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyohiyo kabla hujaitwa kujitetea, umeruhusiwa tu kwenda, na wanaweza kukushtaki tena kwa jambo lilelile. Ukipatikana na hatia una siku 14 kukata rufaa High Court, na zinaisha haraka kuliko unavyodhani.

Haya, rekodi. Wiki hiyohiyo ya kuachiliwa rudi kwa masjala ya korti uombe nakala ya hukumu ama amri iliyothibitishwa kwa muhuri. Usingoje mwaka uishe, faili hupelekwa stoo na kuitafuta ni mateso. Beba hiyo nakala na kitambulisho mpaka ofisi ya rekodi za DCI, Kiambu Road, uombe rekodi yako iandikwe vile kesi ilivyoisha. Baada ya hapo ndio unaingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kuomba cheti, unaprinti fomu ya C24 (ile ya alama za vidole) mbele na nyuma, unachukuliwa alama za vidole.

Aliyehukumiwa kweli njia yake ni ngumu zaidi: ni rufaa, ama kuomba huruma ya rais chini ya ibara ya 133. Atakayekuambia ana mtu wa kufuta jina lako kwa kompyuta ukimtumia kitu kidogo anakula pesa yako na anakuingiza kwa kosa lingine.

Mdogo wangu ilibidi arudi kortini kutafuta hukumu yake, akasimama kwa dirisha la masjala siku tatu tofauti. Alipoipata alitoa kopi nne na kuziomba zote zigongwe muhuri, moja akaacha DCI na akadai wamuandikie kwamba wameipokea. Cheti kilichofuata kilitoka safi.