Kukimbia ukivutwa na mbwa ufuoni: angalia maji kwanza

Kule Norwei mtu anavaa ski miguuni, vile vibao virefu vya kutelezea, anajifunga mkanda, mbwa anatangulia na kamba anamvuta kwenye theluji, huo mchezo wanauita skijoringi. Huku Mombasa theluji hatuna lakini vua ski, vaa raba zako, mbwa mfunge vilevile ukimbie naye Nyali kuelekea Bamburi, utamu ni uleule. Wenzetu kabla hawajatoka wanaangalia theluji imekaaje, ikiwa mpya na ya kina mbwa anazama anachoka upesi, ikiyeyuka ikaganda tena inamkata nyayo, ikiwa ya majimaji inamganda mabonge katikati ya vidole. Sisi tunaangalia mchanga, na mchanga bwana wake ni maji.

Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku inachelewa kama dakika 50, kwa hivyo saa ya jana si ya leo. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa kabisa saa nne hivi, sasa ukitoka saa kumi na mbili unakuta maji yanapwa na yameacha mchanga umebana, mgumu, mbwa anaweka mguu hauzami, hapo ndo pa kukimbia. Siku nne tano mbele saa hizohizo maji yako juu, umebakiwa na mchanga mkavu wa kule kwenye minazi, laini, unameza mguu. Huo usikimbie zaidi ya dakika kumi kwa mara za mwanzo, kano za mbwa zinaumia na zako pia, mie siku hiyo natembea naye tu. Wakati wa kusi mwani unajaa ufuoni, unateleza na chini yake huoni kuna chupa au nini, pita kando.

Na maji yakipwa sana usivutike kwenda kwenye miamba. Mbwa wangu nilimwacha akavuta mpaka kwenye matumbawe, akakatika nyayo mbili, wiki tatu hakukimbia. Kosa langu lile, na bado linaniuma.

Vifaa si vingi. Mbwa avae mikanda ya kifuani iliyoshonwa vizuri, kifua kivute si koo, kola ya shingo usimvutishe hata siku moja. Fundi wa mabegi anaweza kukushonea, muhimu isimsugue kwapani. Wewe mkanda wako ukae chini kwenye nyonga, ukikaa kiunoni mgongo utakuambia jioni. Kamba iwe kama mita 2 na kipande chake kiwe cha mpira unaonyumbuka ili akivuta ghafla msiumizane, na uwe na ndoano ya kufungua haraka maana pale kuna ngamia wa watalii, na wapo mbwa ambao wakimuona ngamia wanaruka wazimu.

Mbwa awe ametimiza mwaka na nusu hivi, mifupa imekomaa, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imeshadungwa. Maneno mfundishe mnapotembea, "kulia", "shoto", "twende", "simama", na "pita" ya kuachana na mbwa wengine, yakikaa ndo uanze kukimbia, mwanzo dakika mbili kukimbia mbili kutembea. Asile akashiba kabla ya kukimbia.

Joto ndilo linaloua. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na kaskazi ikiwa na unyevu kuhema hakumtoshi. Mie saa moja na nusu nishamaliza. Ukiona ulimi umetoka wote, fizi nyekundu sana, anayumba, simama papo hapo, kivulini, mmwagie maji mwili mzima umkimbize kwa daktari wa mifugo. Maji ya kunywa beba, akinywa ya bahari atatapika na kuharisha.

Jambo jingine, alfajiri hiyo kuna watu wametoka msikitini na udhu wao, mate ya mbwa kwao ni najisi, fupisha kamba upite mbali, ukiweza salimia. Watu wa mtaa wangu sasa wananizoea kwa sababu hiyo.

Ukirudi nyumbani mwoshe chumvi kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, tumbo na kwapa hasa, kisha mkalishe, fungua kidole kimoja kimoja utoe mchanga na uangalie kama pamekatika.