Jinsi ya kujua mnyama ni "wa kiume" au "wa kike" kwenye Kigiriki cha kale

Sisi tumezoea raha, simba ni a-wa, sisimizi ni a-wa, kwisha. Kwa Wagiriki sasa kila nomino ina jinsia, na usidhani inafuata mnyama mwenyewe. Cha kwanza usikariri neno peke yake, likariri na atikali yake (kineno kinachotangulia nomino, kama "the" ya Kiingereza), ho ni ya kiume na hē ni ya kike.

Kuna majina yanaenda kote kote, hippos ni hivyo, ukisema ho hippos ni farasi dume, hē hippos jike, neno halibadiliki hata herufi. Kyon (mbwa) na bous (ng'ombe) ni hivyo hivyo. Wengine wana majina mawili kabisa, leon ni simba dume, jike ni leaina, hapo hamna shida.

Wanaosumbua watu ni hawa wa jinsia moja tu. Mbweha ni hē alopex hata kama ni dume lenye ndevu zake, na tai ni ho aetos hata akiwa anataga mayai 😅 Ukitaka kutaja dume unaongeza arren, jike thelys, ila atikali inabaki ya neno, so mbweha dume anakuwa hē alopex hē arren.

Ukiona inakuchanganya usijali, Aristophanes, mwandishi wa michezo ya kuchekesha wa Ugiriki, aliifanyia utani kwenye igizo la Mawingu mwaka 423 KK, Socrates anamlazimisha mzee wa watu amwite kuku jike alektryaina, maana alektryon lilikuwa linatumika kwa jogoo na kuku wote.